Kitufe cha Kati

Baba yangu aliamini kwamba kitufe kimoja cha tarumbeta la NUTA Jazz kilikuwa mali yake.

Kila mwisho wa mwezi alirudi Ilala na bahasha ya mshahara, akaketi barazani, akaikunjua ile karatasi ya makato juu ya goti na kuisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kama anayesoma barua ya msiba. Kodi. Akiba ya uzeeni. Kisha kidole chake kilifika penye NUTA, na hapo uso ulikunjuka. "Hapa ndipo wanaponikata tarumbeta," alisema. Alitueleza kwamba tarumbeta lina vitufe vitatu. Cha kwanza ni cha makuli wa bandarini, kwa kuwa wao ndio wengi na ndio wenye kelele. Cha tatu ni cha watu wa reli. Cha kati kimelipiwa na viwanda vya Barabara ya Pugu, na yeye ni mmoja wa waliokilipia.

Nilikuwa na miaka saba, mwaka 1973, nikaamini. Redio ilipopiga Msondo jioni niliweka sikio kwenye kitambaa cha spika nikitafuta sauti ya kitufe cha kati. Kuna siku niliisikia.

Mtu aliyezaliwa juzi anaweza kushangaa kwamba chama cha wafanyakazi kilikuwa na bendi ya dansi. Sisi tungeshangaa kama kisingekuwa nayo. Kabla ya hapo bendi za Dar es Salaam zilikuwa kama vyama vya watu wa kwao: Rufiji Jazz, Kilwa Jazz, Ulanga Jazz, Western Jazz, majina yanayokuambia mtu alishuka kutoka gari gani. Mwaka 1964 serikali, ikiwa bado inajifuta jasho la maasi ya jeshi ya mwezi Januari, ililivunja shirikisho la zamani la vyama vya wafanyakazi na kuwakusanya wote chini ya NUTA, chama kimoja kilichofungamana na TANU. Mwaka uleule NUTA ikaunda bendi. Wapigaji waliajiriwa. Walikuwa na mshahara wa mwezi kama karani au dereva, na magitaa, ngoma, matarumbeta, vipaza sauti, vyote vilikuwa vya chama. Aliyeacha kazi aliondoka na vidole vyake tu.

Wengine wakaiga. Vijana wa TANU wakawa na Vijana Jazz, Polisi wakawa na ya kwao, Magereza ya kwao, jeshi likawa na Mwenge, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Baadaye hata shirika la bima na shirika la mabasi ya mjini walipiga rumba. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake na jina la mtindo: Polisi walikuwa na Vangavanga, Urafiki walikuwa na Chakachua. NUTA walichagua Msondo.

Hilo jina lilileta kizaazaa nyumbani kwetu. Bibi, mama yake baba, alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na kwake msondo haukuwa mtindo wa kucheza na viatu vya ngozi. Msondo ni ngoma ile ndefu ya unyagoni. Ina mahali pake, ina wakati wake, na wanaume wanapaswa kuwa mbali. Mara ya kwanza aliposikia mtangazaji wa Redio Tanzania akilitaja hadharani, mchana kweupe, wakati watoto wanakula, aliinuka akaizima redio. Baba akaiwasha. Bibi akaizima tena, akasema, "Hao waliotoa jina hilo hawana mama?" Mpaka anafariki hakuwahi kulitamka. Aliiita "hiyo bendi ya makato".

Nimewahi kufikiri kwamba Bibi ndiye peke yake aliyelielewa jina vizuri. Serikali ilibadilika jina, chama kikabadilika jina mara kadhaa, bendi ikafuatana nacho kama mke anavyofuata uhamisho wa mumewe. Jina la ngoma ya Bibi halikung'oka.

*

Katika nyumba yetu si wote waliokuwa watu wa Msondo. Kaka yangu mkubwa, mtoto wa baba mkubwa aliyelelewa kwetu, alikuwa mtu wa soul. Alivaa suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi la Mtaa wa Shaurimoyo na viatu vya raizoni ambavyo Bibi alisema vinamfanya aonekane kama meza. Alimjua James Brown, Otis Redding na Wilson Pickett kama anavyowajua majirani, na alikuwa na jeraha moja ambalo halikupona: mwishoni mwa 1969 mamlaka zilipiga marufuku muziki wa soul katika madansi ya Dar es Salaam, eti unaharibu vijana na utamaduni wa taifa. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na sita. Alilisimulia jambo hilo kama wazee wanavyosimulia vita.

"Huo Msondo wenu ni muziki wa watu wenye watoto," aliniambia.

Alikosea, lakini si sana. Wimbo wa dansi wa wakati ule haukuwa na haraka. Ulianza kama mtu anayebisha hodi. Gitaa la solo lilitangulia, la pili likaitikia, rizimu likashona katikati, kisha waimbaji wakaingia wawili au watatu kwa pamoja na kisa kirefu: mume kaoa mke wa pili, ndugu wamegombana juu ya shamba, rafiki kageuka, mtu yuko ugenini hana habari za mama yake. Kisa hicho kilisikilizwa. Watu walicheza taratibu ili wasipitwe na maneno. Baada ya dakika tatu au nne ndipo mpigo ulipobadilika, vipulizi vikasimama mbele, tumba zikaamka, na hapo lilikuja chemko. Kwenye chemko hakuna tena hadithi, ni kiuno na jasho. Kaka yangu alipenda chemko tu. Alisema kama wangeanzia hapo wangekuwa wanapiga soul. Namkumbuka siku moja akicheza uani chemko la Msondo kwa miguu ya James Brown, akiteleza kwa kisigino juu ya saruji iliyomwagiwa maji ya kufulia, na Baba akimtazama kwa jicho la mtu anayeona kitufe chake kinatumiwa vibaya.

Nyimbo hizi zilitufikia kwa redio kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya maana. Kutengeneza santuri kulitaka Nairobi, na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa, njia ile nayo ilifungwa kwa miaka sita. Ilibaki studio ya Redio Tanzania, hapo hapo Barabara ya Pugu. Maneno yalipitiwa kwanza. Kisha bendi nzima iliingia chumbani ikapiga wimbo kwa mkupuo mmoja, waimbaji na magitaa na matarumbeta pamoja. Mpuliza tarumbeta akiteleza dakika ya sita, wote wanarudi mwanzo. Nikisikiliza kanda hizo leo nasikia kitu ambacho studio za siku hizi hazina: watu kumi na zaidi wanaoogopana kidogo.

Baba alidai kwamba siku moja, akitoka zamu ya asubuhi, aliwaona wakishusha vyombo mbele ya studio. Alisimama ng'ambo ya barabara, lakini hakwenda kuwasalimu. "Nilihesabu tu," alisema. Kuhesabu nini? "Kama vimetimia."

Mama alikuwa akichambua mchele. "Vyombo vyako," alisema, "viko jikoni, na sufuria kubwa imetoboka tangu Ramadhani."

*

Mwaka 1978 Muhiddin Maalim Gurumo aliondoka.

Najua kwamba mwaka ule yalitokea makubwa zaidi. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na kabla ya mwaka kwisha mtaa wetu ulikuwa umeshatoa vijana waliokwenda vitani. Lakini mtoto hupima mambo kwa uso wa mzazi wake, na uso wa Baba ulianguka kabla ya Kagera. Gurumo alikuwa na NUTA Jazz tangu 1964. Sauti yake haikuwa nyororo. Ilikuwa nzito, yenye mchanga kidogo, sauti ya mtu mzima anayekuita pembeni akuambie jambo. Na alikuwa mtu wa Kisarawe, kwa hiyo Baba alimhesabu kuwa ndugu, ingawa hawakuwahi kupeana mkono. Sasa alikuwa amehamia bendi mpya iliyokuwa ikipiga kwenye baa ya Mlimani Park, kule upande wa Chuo Kikuu.

Lililomuumiza zaidi ni nani aliyekuwa na vyombo vya bendi hiyo. Vilikuwa vya shirika la usafiri na teksi, TTTS. Na mjomba wangu, kaka yake Mama, alikuwa dereva wa teksi.

"Shemeji," Mjomba alisema Jumapili ya kwanza alipokuja kula, hata kabla ya kunawa mikono, "shikamoo. Nasikia umeniletea mwimbaji."

"Marahaba. Mwizi hasalimii."

"Mimi si mwizi, mimi ni mwajiri. Kila abiria ninayempeleka Magomeni, senti kadhaa zinakwenda kwa Gurumo."

Kuanzia hapo Baba alikuwa na Msondo na Mjomba alikuwa na Sikinde, yaani hiyo bendi ya teksi, na kati yao palikuwa na sinia la wali. Sikinde nalo ni jina la ngoma ya Kizaramo. "Ngoma ya ukae", walijiita, ngoma ya nyumbani, na Bibi hakuwa na neno na jina hilo. Alimwambia mwanawe waziwazi kwamba hao wa teksi wana adabu kuliko chama chake. Mama alisema yeye hana bendi. Kumbe alikuwa nayo, tena nusu huku nusu kule, kwa sababu alimpenda Hassani Rehani Bitchuka mwenye ile sauti ya juu inayopanda kama moshi wa ubani, na Bitchuka naye alitoka Msondo akamfuata Gurumo.

Sitasema uongo: Sikinde ya mwanzo ilikuwa bendi ya hatari. Kiongozi wake alikuwa Michael Enoch, King Enoch, mwalimu wa wengi, aliyekuwa nguzo ya Dar es Salaam Jazz kabla ya hapo. Abel Balthazar alikuwa kwenye gitaa. Cosmas Chidumule alitunga "Neema", wimbo ambao mpaka leo ukipigwa kwenye daladala watu wazima huacha kugombania chenji. (Chidumule baadaye alihamia kwenye nyimbo za Injili. Mama alisema alikuwa akijiandaa muda wote, ukimsikiliza vizuri utajua.) Shirika la teksi liliposhindwa kuendelea mwaka 1983, bendi ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, lenye kumbi zake Kariakoo na Magomeni Kondoa. Mjomba akawa hana hisa tena. Hilo halikumzuia kudai.

Upande wetu, jina lilikuwa limebadilika. NUTA ilikuwa imegeuka JUWATA, na bendi ikawa JUWATA Jazz. Baba alilitazama jina jipya kwenye karatasi ya mshahara, akahakikisha kwamba kiasi kinachokatwa bado kipo, akaridhika. Kama makato yapo, tarumbeta lipo. Na kweli bendi haikufa. Said Mabera aliendelea kukaa kwenye gitaa lake kama mzee wa boma asiyeshtushwa na mvua, wakati waimbaji wanaingia na kutoka. Hilo la Mabera linanishangaza kuliko yote. Watu wanaimba sifa za waliohama, kwa kuwa kuhama kuna kisa. Aliyebaki hana kisa, ana kazi tu. Lakini ukitaka kujua kwa nini Msondo ilisikika kama Msondo hata pale ilipokuwa imepoteza nusu ya vinywa vyake, sikiliza magitaa yanavyoongea chini ya wimbo, kisha uwasikilize wapulizaji wanavyoingia kwa pamoja kama mlango mkubwa unaofunguliwa.

Akaja pia Moshi William. Magari ya wataalamu wa kigeni yalikuwa na namba zinazoanza na TX, na mtu yeyote aliyejua kazi yake mno tulimwita TX. Moshi akaitwa hivyo, jina likaganda. TX Moshi aliimba kama anayekusuta na kukubembeleza kwa pumzi moja. Baba alimpokea kama mtu anayepokea mtoto wa kambo: wiki tatu za kimya, kisha mapenzi yasiyo na breki.

*

Mimi niliingia ukumbini kwa mara ya kwanza mwaka 1985, nikiwa na miaka kumi na tisa, na aliyenipeleka si Baba. Ni Mjomba, Jumapili mchana, kwenye dansi la Msondo, Amana, hapo hapo Ilala, kwa miguu. Petroli ilikuwa ya shida kiasi kwamba kwa miaka kadhaa magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, na jiji zima lilijifunza upya kutembea. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni, ya sabuni kwa kipande, ya unga wa njano tulioupa jina la Yanga. Nilivaa gauni la Mama lililopunguzwa kiunoni. Mjomba alikuwa amepulizia viatu vyake pumzi na kuvisugua kwa kanga kuukuu.

Nilitegemea kuona kitu kikubwa. Niliona ukumbi wa kawaida wenye feni moja inayozunguka, viti vya chuma, na jukwaa dogo ambalo watu wengi walikuwa wamebanana juu yake wakiwa na mashati yanayofanana. Mmoja alikuwa anapangusa mdomo wa tarumbeta kwa leso, polepole, kama anayemfuta mtoto kamasi. Nilitazama vitufe. Vilikuwa vitatu. Nilicheka peke yangu, na Mjomba akafikiri nimelewa soda.

Kisha wakapiga. Redio ilikuwa imenidanganya maisha yangu yote. Redio ilikuwa haina besi. Pale ukumbini besi liliingia kwa nyayo, likapanda kwenye magoti, na vipulizi vilipoingia nilihisi shati la mtu aliyekuwa mbele yangu likitikisika mgongoni. Wanawake wa Ilala, mama ntilie na manesi na walimu, walikuwa wamejipanga mstari mmoja kwenye chemko bila kuambiana, hatua mbili huku, moja kule, mikoba yao ikiwa kwapani. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wote walitazama mbele, kama watu wanaosubiri basi la UDA wanalojua halitakuja na hawajali.

Tulipotoka, jua limezama, tulimkuta Baba ng'ambo ya barabara. Alikuwa amesimama na baiskeli. Hakuuliza tulikuwa wapi. Aliuliza kama matarumbeta yalikuwa mawili au matatu.

Mwaka uleule Mjomba naye alipata msiba wake. Mfanyabiashara Hugo Kisima aliiunda upya bendi yake ya Orchestra Safari Sound, akaichota Sikinde kama mtu anavyochota maharage kwenye gunia: Gurumo, Bitchuka, Abel Balthazar, na wengine. Mtindo wakauita Ndekule. Fedha ilikuwa nzuri, na vyombo vilikuwa vipya. Baba alitembea kutoka Ilala mpaka kwa Mjomba, Kigogo, ili kumpa pole. Hakuwahi kutembea mbali hivyo kwa furaha.

"Shemeji," alisema, "sasa hao wana mwenye vyombo mmoja. Ngoja uone."

Aliposema hivyo nilidhani ni wivu. Lakini Baba alikuwa amefikiria jambo lile kwa miaka mingi kwenye mashine yake kiwandani. Vyombo vya mtu mmoja vinauzwa siku mwenyewe akichoka. Vyombo vya watu laki kadhaa hakuna anayejua vinauzwaje. Na ilitokea hivyo. Kisima alipochoka, bendi ilikwisha, na waimbaji walewale waliokimbilia fedha wakajikuta hawana pa kushika. Mwaka 1990 Gurumo alirudi Msondo.

Siku habari ilipofika, Baba alikuwa anakunywa chai. Alimimina chai ile kwenye kisahani, akaipoza, akainywa yote. Kisha akamwambia Mama, "Nilimwekea nafasi."

*

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991, bendi ikawa OTTU Jazz. Vyama vingi vya siasa vikaja, viwanda vikaanza kuuzwa, makato ya lazima yakalegea. Kuanzia 1994 tukawa na redio za watu binafsi zilizopiga vitu vya Kinshasa na vya Marekani mchana kutwa, kisha vijana wakaanza kurapu kwa Kiswahili. Kaka yangu wa soul, wakati huo ana upara na watoto wanne, alisikia wimbo wa rhythm and blues kwenye FM akasema marufuku imeondolewa, wamechelewa miaka ishirini na tano tu.

Baba alipunguzwa kazi katikati ya miaka ile. Kiwanda sikitaji, vilikuwa vingi vilivyofanya hivyo. Alirudi na bahasha moja nene badala ya nyembamba. Aliisoma barazani kama kawaida yake, mstari kwa mstari, na alipofika mwisho aliigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi zaidi. Hakukuwa na makato ya chama. "Basi," alisema, "kuanzia leo naingia kwa kiingilio, kama mtu baki."

Na ndivyo alivyoanza kwenda. Hili sikulitegemea. Katika miaka yote aliyokuwa na kitufe hakuwahi kuingia ukumbini. Alikuwa akisimama nje, akihesabu. Sasa, akiwa na miaka zaidi ya hamsini na tano, alinunua tiketi kila alipopata fedha. Bendi nayo ilikuwa inaachana na chama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilibaki na jina ambalo Bibi alikataa kulitamka: Msondo Ngoma. Wapigaji wakawa wanajitegemea, wanategemea mlango. Wakauza kaseti, na ziliuzika, kwa sababu TX Moshi alikuwa kwenye kilele chake. "Piga Ua Talaka Utatoa" ilipigwa mpaka kwenye sherehe za kipaimara, jambo ambalo sidhani kama mtunzi alilikusudia. Sikukuu za Idi na Krismasi Msondo na Sikinde walikuwa wakipambanishwa, mara nyingi TCC Chang'ombe, na Baba na Mjomba, wazee wawili wenye presha, walikwenda pamoja kwenye daladala moja na kukaa meza mbili tofauti.

TX Moshi alifariki Machi 2006. Baba hakusema neno. Alitoa redio nje, akaiweka barazani, akaifungua sauti mpaka mwisho, na hakuna jirani aliyelalamika.

Mwaka 2013 Gurumo alitangaza kustaafu. Alikuwa na miaka sabini na tatu, na zaidi ya hamsini kati ya hiyo alikuwa ameimba. Ikajulikana kwamba katika muda wote huo hakuwahi kumiliki gari. Diamond Platnumz, ambaye alikuwa hajazaliwa wakati Kisima anaichota Sikinde, akamzawadia moja. Magazeti yaliandika sana juu ya ukarimu wa kijana. Baba alisoma gazeti kwa kioo chake cha kukuzia, akalikunja, akalifunua tena.

"Gari?" alisema. "Sisi tulimnunulia kipaza sauti."

Sikujua kama anajitetea au anajilaumu. Nilimuuliza. Alisema nimwitie mjukuu wake amletee maji.

Gurumo alifariki Aprili 2014, na Baba alitaka kwenda Kisarawe mazikoni. Nilimkodia gari. Njiani alinyoosha kidole kwenye mikorosho na kunitajia mashamba ya nani ni ya nani, mengi yameshauzwa viwanja. Palikuwa na watu wengi sana. Hatukufika karibu na kaburi. Tulisimama chini ya mwembe pamoja na wazee wengine wa kofia, na nilishangaa kusikia wanavyojitambulisha: mmoja, "Mimi nilikuwa reli." Mwingine, "Bandari, geti namba mbili." Hakuna aliyesema ametokea mtaa gani. Baba akasema, "Kiwandani, Barabara ya Pugu," na yule wa reli akamwambia, "Ahaa, nyie ndio mlikuwa mnachelewesha michango." Walicheka mpaka mtu mmoja akageuka kutunyamazisha.

Miezi michache baadaye, ule mwaka bendi ilipotimiza miaka hamsini, nilimpeleka Baba kwenye dansi la Jumapili Ilala. Kijana wa mlangoni alikuwa na fulana ya Barcelona na rundo la tiketi.

"Shikamoo mzee. Kiingilio."

"Marahaba. Mimi ni mwenye vyombo."

Kijana alinitazama. Nikamlipa ya watu wawili. Akampigia Baba muhuri wa wino wa bluu mgongoni mwa mkono, na Baba akaushika mkono ule mbele yake, mbali na koti, usije ukachafuka, mpaka tulipopata meza.

Nusu ya wapigaji sikuwajua. Walianza polepole kama zamani, kwa kubisha hodi. Baba alifumba macho. Vipulizi vilipoingia aliyafumbua, akamtazama mpuliza tarumbeta, kijana mwembamba wa kutosha kuwa mjukuu wake, akamtazama muda mrefu sana, kichwa kimeinama upande mmoja kama nilivyokuwa nikikiinamisha mimi kwenye kitambaa cha spika.

"Hili si lile," alisema.

"Baba, ni miaka hamsini. Lile litakuwa limeshayeyushwa likawa bomba."

"Najua." Akainua kidole chenye wino, akakishusha juu ya meza, akakiinua, akakishusha, kidole cha kati, akiwahi kila noti nusu sekunde kabla ya yule kijana.